Daftari la Shamba la Pamba la Thomas Affleck: Uhakiki wa Karani wa Zamani wa Mkonge, Tanga

Daftari ninalolihakiki hapa lilichapishwa ili liuzwe kwa wenye mashamba ya pamba wa kusini mwa Marekani tangu mwishoni mwa miaka ya 1840, na leo mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kulipakua bila malipo kutoka katika maktaba za kidijitali. Nimekaa nalo miezi miwili nyumbani kwangu Tanga, nikiwa na nakala mbili: moja ni tupu, yaani majedwali kama yalivyotoka kwa mpiga chapa, na nyingine ilijazwa kwa mkono katika miaka ya 1850 kwenye shamba la Mississippi lililolimwa na watumwa. Ninalihakiki kama bidhaa kwa sababu liliuzwa kama bidhaa, na kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa karani wa shamba la mkonge upande wa Muheza kwa miaka 22. Ninajua daftari zuri la kazi linavyotakiwa kuwa, na ninajua pia jinsi daftari hilohilo linavyoweza kumzuia karani asimwone mtu aliyesimama mbele yake.

Mtungaji wake, Thomas Affleck, alizaliwa Uskoti mwaka 1812, akahamia Marekani mwaka 1832 na baadaye akaweka makazi katika mji mdogo wa Washington, jimbo la Mississippi, ambako aliuza miche ya matunda na maua na kuandika makala na kalenda za kilimo. Alifahamu kwamba wenye mashamba wengi waliandika hesabu zao kiholela, kila mmoja kwa mtindo wake, na kwamba wengine waliishi mjini mbali na mashamba yao huku wakiwategemea wasimamizi wa kuajiriwa. Aliwatengenezea daftari moja lenye majedwali yaliyokwisha pigwa mistari na kuandikwa vichwa vya safu, likichapishwa New Orleans kwa ukubwa tofauti: la shamba la mikono 40, la mikono 80 na la mikono 120. Alitoa pia toleo la mashamba ya miwa. Mnunuzi alichagua kulingana na idadi ya watu aliowamiliki, kama mtu anavyochagua sufuria kwa wingi wa walaji.

Neno hilo la mikono lilinisimamisha kwa siku kadhaa. Katika hesabu za mashamba hayo mtu mzima mwenye nguvu alikuwa mkono mmoja kamili, mtoto aliyeanza kupelekwa kondeni au mama anayenyonyesha aliweza kuwa nusu mkono, na mzee akawa robo, hivyo kwamba shamba lenye roho 60 lingeweza kuandikwa kuwa na mikono 35 tu. Sisi wa Tanga tuna neno letu la namna hiyo. Vibarua walioletwa katika mashamba ya mkonge kutoka Kigoma, Songea na kwingineko, wengi wao kupitia SILABU, ofisi ya wenye mashamba iliyoanzishwa mwaka 1944, waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba na namba ndiyo iliyosomwa. Nilipoanza kazi neno hilo lilikuwa bado linatumika mitaani kumdharau mtu, na mimi mwenyewe niliita namba asubuhi nikiamini kwamba ninaita watu.

Sitaki msomaji adhani kwamba ninaviona vitu viwili hivi kuwa sawa. Kibarua wa mkonge alikuwa na kipande chenye nafasi za siku 30. Kila siku aliyomaliza kazi ilitiwa alama, na kipande kilikaa mkononi mwake. Kama karani alimdhulumu siku, alikuja dirishani na kipande chake akapiga kelele mpaka bwana shamba akatoka. Ujira ulikuwa mdogo na maisha ya kambini yalikuwa magumu, lakini mkataba ulikuwa na mwisho, na mwanawe hakuzaliwa akiwa mali ya shamba. Mtu aliyeandikwa katika daftari la Affleck hakuwa na karatasi yoyote mkononi. Louisiana ilikuwa imepitisha sheria mwaka 1830 ya kumwadhibu anayemfundisha mtumwa kusoma, na majimbo mengine ya kusini yalikuwa na sheria za aina hiyo, kwa hiyo mtu aliweza kuandikwa kila jioni kwa miaka 20 bila kuruhusiwa kujua kilichoandikwa juu yake.

Kwa upande wa utengenezaji, nitasema kweli hata kama inauma: daftari hili limepangwa vizuri sana. Kuna jedwali la matukio ya kila siku, ambamo msimamizi aliandika hali ya hewa na kazi iliyofanyika. Kuna majedwali ya wanyama na zana. Kuna la nguo na vifaa vilivyogawiwa. La ziara za tabibu. La vizazi na vifo. La marobota ya pamba, uzito wake na bei yake. Na mwishoni kuna jedwali la thamani ya watu na mizania ya mwaka. Kilichoandikwa katika jedwali moja kinajibiwa katika jingine. Ng'ombe akifa, orodha ya robo mwaka itamwuliza msimamizi yuko wapi. Mwenye shamba aliyekaa maili nyingi mbali aliweza kufungua kurasa chache na kufahamu kama msimamizi wake anafanya kazi au anamdanganya. Katika miaka yangu yote ya ukarani sikupewa daftari lililofungamana kwa namna hii. Sisi tulikuwa na daftari la mahudhurio, la stoo na la mishahara, na kila moja lilisema habari zake.

Jedwali la kuchuma pamba ndilo kiini cha daftari lote. Upande wa kushoto kuna jina, halafu siku sita za kazi, Jumatatu hadi Jumamosi, na upande wa kulia jumla ya wiki. Katika kila kisanduku cha siku huandikwa ratili (ratili moja haifiki nusu kilo) za pamba ambazo mtu huyo alizileta kwenye mzani jioni. Kuchuma kulianza kiangazi kikiisha na kuliweza kuendelea hadi mwaka mpya, mashina yakipitiwa tena na tena kwa sababu vitumba havifunguki vyote kwa pamoja. Pamba hiyo ina mbegu bado. Ikishapita kwenye kinu cha kuchambulia, theluthi moja hivi ya uzito ndiyo hubaki kuwa nyuzi, na kwa hiyo robota la ratili 400 lilihitaji zaidi ya ratili 1,200 za pamba iliyotoka kwenye mifuko ya wachumaji.

Anayetaka kujua maana ya tarakimu hizo kwa mwili wa mtu atafute ushuhuda wa Solomon Northup, mtu huru wa jimbo la New York aliyetekwa mwaka 1841 na kutumikishwa kama mtumwa Louisiana kwa miaka 12. Anaeleza kwamba kazi ya siku kwa mchumaji wa kawaida ilikuwa ratili 200, yaani kilo 90 hivi, na kwamba hakuna aliyeukaribia mzani jioni bila hofu, hata akiwa hoi kwa uchovu na usingizi. Aliyepungua alichapwa. Aliyezidisha kwa ratili 10 au 20 alijua kwamba huenda kesho yake kipimo chake kikapandishwa. Siku yake ya kwanza Northup alileta ratili 95. Rudi sasa kwenye jedwali la Affleck na uangalie kisanduku kidogo cha Jumanne: ndani yake kuna tarakimu tatu zenye mwandiko mzuri, na hakuna kingine. Safu ya viboko haipo. Mwenye shamba mmoja wa Louisiana, Bennet Barrow, aliandika habari za viboko katika shajara yake binafsi. Daftari la hesabu halikuhitaji kuvitaja, kwa kuwa lilichotaka ni matokeo yake tu.

Hapo ndipo ninapolilaumu daftari hili kama karani. Hesabu isiyoonyesha njia iliyoleta tarakimu ni hesabu yenye kasoro, hata jumla yake ikiwa sahihi mpaka senti ya mwisho. Shambani kwetu mkata mkonge aliyepunguza mafungu aliandikwa sababu: mvua, homa, panga lililovunjika, shamba lenye majani mafupi. Affleck aliweka nafasi ya kuandika ugonjwa, kwa kuwa ugonjwa ulipoteza siku za kazi na fedha za tabibu, lakini hakuweka mahali pa kumwuliza mchumaji kwa nini Jumatano yake iko chini ya Jumanne.

Ukurasa ambao nilishindwa kuumaliza kwa kikao kimoja ni ule wa thamani ya watu. Kila mtu wa shambani ameandikwa jina, umri na bei yake ya mwanzo wa mwaka, kisha bei yake ya mwisho wa mwaka. Katika miaka ya 1850 kijana wa kiume mwenye afya aliweza kuandikwa zaidi ya dola 1,000, mtoto mchanga makumi ya dola, na mzee aliyemaliza nguvu zake zote katika shamba hilohilo akaandikwa sifuri. Sisi makarani tunafahamu uchakavu wa trekta na wa mashine za korona, zile za kuchakata majani ya mkonge: kila mwaka unapunguza kiasi fulani mpaka chombo kiishe thamani. Affleck aliwafundisha wateja wake kuwafanyia watu hesabu hiyo, tena pande zote mbili, kwa sababu mtoto anayekua huongezeka bei kila mwaka na ongezeko hilo liliingizwa katika faida ya shamba. Maelekezo yake kwa wasimamizi yanasema wazi kwamba mavuno mema huhesabiwa kwanza kwa kuongezeka kwa watumwa, idadi yao na thamani yao. Kwa hiyo mama aliyejifungua mwezi wa tano ameleta faida mara mbili katika mizania hiyo: kwa pamba yake na kwa tumbo lake. Niliposoma hivyo nilifunga kompyuta nikatoka kukaa barazani, na mke wangu aliponiuliza kuna nini nilishindwa kumjibu vizuri.

Kwa lugha, msomaji wa Kiswahili ataona jambo ambalo pengine Mmarekani hatalihisi. Maneno ya Kiingereza ya vyeo vya shambani hayakunitaabisha kuyatafsiri, kwa sababu yetu yapo tayari. Katika mashamba ya watumwa ya pwani na visiwani kulikuwa na msimamizi, chini yake nokoa, na chini yake kadamu, na mara nyingi nokoa na kadamu walikuwa watumwa wenyewe, kama walivyokuwa wanyapara weusi wa mashamba ya pamba. Kipande cha ardhi alichopimiwa mtu kulima kiliitwa ngwe. Ukifuata mto Pangani, kusini mwa hapa nilipokaa, yalikuwapo katika karne ya 19 mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa, na utumwa haukufutwa kisheria Tanganyika mpaka mwaka 1922, ambao ni karibu kiasi kwamba babu wa mtu wa rika langu aliweza kuuona kwa macho yake. Anayelisoma daftari la Mississippi akiwa Tanga asilisome kama habari ya watu wa mbali wenye roho mbaya.

Sasa nieleze namna nilivyolisoma, kwa kuwa ndiyo sababu hasa ya kuandika uhakiki huu. Faili ni kubwa na kwenye simu halisomeki. Jedwali lenye safu kumi haliwezi kuingia kwenye kioo cha upana wa kiganja. Niliipeleka katika duka moja la steshenari hapa Ngamiani ili wanichapie. Kijana wa pale alinipokea kwa heshima, akaniambia, "Mzee, hizi kurasa ni pana, nitazibana ziingie kwenye karatasi ya kawaida." Nilirudi jioni nikachukua bahasha bila kukagua, na nilipofika nyumbani nikaona kwamba upande wa kulia wa kila ukurasa umekatwa. Katika jedwali la kuchuma, safu ya jumla ya wiki haikuwapo. Katika jedwali la watu, bei ya mwisho wa mwaka haikuwapo.

Nilikasirika, kwa sababu karani bila jumla ni kama fundi bila futi. Lakini ilikuwa Jumamosi na duka lilikuwa limefungwa, basi nikaanza kusoma nilichonacho. Jicho langu, ambalo kwa miaka 22 lilizoea kuteremka na safu ya kulia kutafuta urari, halikuwa na mahali pa kuteremkia. Likabaki kushoto, kwenye majina. Nikachukua jina moja la mwanamke na kwenda nalo mstari wake wote, kisha ukurasa wa wiki iliyofuata, kisha uliofuata, nikaliangalia katika jedwali la nguo, katika la tabibu, katika la vizazi. Kesho yake nikachukua jina jingine. Mistari iliyokuwa inafanana ikaacha kufanana. Kuna mtu ambaye uzito wake hupungua kila mwisho wa wiki. Kuna ambaye visanduku vyake ni vitupu kwa muda, na ukigeuza kurasa unamkuta kwa tabibu. Kuna wawili ambao uzito wao hupanda na kushuka pamoja kiasi kwamba nilijiuliza kama walikuwa wakichuma mistari ya jirani na kusaidiana, swali ambalo daftari halina pa kulijibia.

Affleck alilipanga daftari lake lisomwe kwa kuteremka, kutoka kwenye watu kwenda kwenye jumla, na kila kitu ndani yake kinamsukuma msomaji huko. Ushauri wangu kwa yeyote atakayelipakua ni kulisoma kwa kukata: shika jina, livushe kutoka jedwali hadi jedwali, na uache jumla kwanza. Chora jedwali lako mwenyewe, karatasi moja kwa jina moja, na uandike kila mahali linapotokea pamoja na tarehe yake. Kazi ni ya polepole. Majina mengi ni ya kwanza tu, hayana jina la baba wala la ukoo, na pale walipokuwapo wawili wenye jina moja msimamizi aliwatenganisha kwa neno kama mkubwa au mdogo, au akasahau.

Majina hayo yana uzito kuliko mtu anavyoweza kudhani. Sensa za Marekani za mwaka 1850 na 1860 ziliwaorodhesha watumwa chini ya jina la mmiliki wao, kwa umri, jinsia na rangi, bila kuwataja majina wao wenyewe. Mwaka 1860 walikuwa karibu milioni 4. Sensa ya mwaka 1870, baada ya utumwa kupigwa marufuku na Katiba mwaka 1865, ndiyo ya kwanza iliyowaandika majina kama watu wengine wote. Kwa hiyo mjukuu anayetafuta bibi yake nyuma ya mwaka huo analazimika kumtafuta katika wosia, hati za mauzo na madaftari ya namna hii. Inatia uchungu kwamba karatasi iliyompangia mtu bei ndiyo iliyomhifadhia jina, na bado ningependa zihifadhiwe zote. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, kwa mfano, inazo nyaraka za familia ya Capell wa shamba la Pleasant Hill, Mississippi, ambako Eli Capell alitumia madaftari ya Affleck, na kazi ya wakutubi wanaozitunza karatasi kama hizo na kuwafungulia watu wa mbali kama mimi inastahili shukrani.

Kwa atakayelitaka, haya ndiyo ya vitendo. Tafuta kwanza nakala tupu ili ufahamu kila safu inadai nini, halafu ndipo upakue iliyojazwa, kwa sababu mwandiko wa wasimamizi ni wa kuunganisha herufi, wino umepauka sehemu nyingi, na vifupisho vyao havieleweki mpaka ujue kisanduku kilikuwa cha nini. Faili ya rangi ni nzito lakini inasomeka kuliko ya nyeusi na nyeupe. Chapa kwenye karatasi kubwa ya A3, kwa ulalo, na ukague ukurasa wa kwanza kabla ya kuondoka dukani. Kiingereza chake si kigumu kwa aliyemaliza sekondari. Walimu wa historia watalifaidi, na nadhani walimu wa utunzaji hesabu watalifaidi zaidi, maana vijana wao hufundishwa kwamba hesabu safi ni hesabu ya haki, na humu watakuta hesabu safi kabisa.

Kama chombo cha ukarani ningelipa alama za juu, na ni kwa sababu hiyo sitalipa alama yoyote. Kama kumbukumbu ya watu, lina thamani kubwa kwa anayekubali kulisoma kinyume na lilivyokusudiwa.

Duka lilinichapia upya bila malipo, kurasa zote zikiwa kamili hadi ukingo wa kulia, na kijana aliniomba radhi zaidi ya kosa lenyewe. Sasa nina seti mbili. Jirani yangu mmoja, mwalimu wa historia, ameniomba nimwazime ili aandae somo, akasisitiza kwamba anataka ile nzima yenye jumla na bei. Nimemwambia ataipata wiki ya pili. Ya wiki hii nimempa ile iliyokatwa.